Mahali pa Kuanikia

Aol hakuweza kuona kitu laini akakiacha. Akipewa sahani ya posho, kabla hajachovya kwenye mchuzi alimega tonge dogo, akaliviringisha kati ya viganja mpaka likawa uzi mwembamba, akautazama uzi unakatikia wapi, ndipo akala. Alifanya hivyo kwa donge la unga wa chapati katika nyumba za watu, kwa sabuni iliyolowa katika beseni, na kwa nta ya mshumaa kanisani huku mahubiri yakiendelea. Siku alipozikwa mumewe, alipokabidhiwa konzi ya udongo aitupe kaburini, watu walimwona anauviringisha kwanza. Shemeji zake walinong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Lakini ile haikuwa huzuni. Yalikuwa mazoea, na ndani ya mazoea mlikuwa na hasira: alitaka kujua wanamlaza Opoka katika udongo wa namna gani.

Reine, mke wa mwanawe, aliishi na tabia hiyo miaka mingi, na mwanzoni ilimkera kama mtu anayetafuna huku mdomo wazi. Baadaye akaielewa. Uzi ule ndio uliokuwa kipimo cha mama mkwe wake. Udongo wa mfinyanzi ukiwa na maji mengi hauna umbo. Ni uji, ukiumwaga unajitafutia njia. Upunguzie maji, unakuwa kama posho ambayo haijaiva, unashika kidole na haukiachi. Upunguzie tena, unakubali: unakunjika, unakandika, unasimama pale ulipouambia usimame. Ukizidi kukauka, uzi unakatikakatika mkononi ukiwa bado mnene, na hapo ugomvi umeanza, kwa sababu kila utakachouumba kitatoka na ufa. Kati ya kung'ang'ania kidole na kukatika pana nafasi ndogo, na Aol alipata riziki yake humo.

Na nafasi hiyo si sawa kwa kila udongo. Shimo la chini, karibu na mafunjo, lilitoa udongo wa kijivu uliomeza maji mengi na bado ukasimama. Shimo la juu lilitoa udongo laini kama vumbi, ambao ukiutikisa kiganjani maji yanapanda juu na kung'aa; huo ukiuwekea maji yale yale ya shimo la chini unakimbia kama maziwa. Kwa macho ni ndugu. Mkononi ni watu wawili wasiojuana.

Aol alizaliwa upande wa Pajule, kaskazini, kwa mama aliyefinyanga vyungu. Opoka, konstebo wa polisi, alimwoa na kumleta Kampala katika chumba kimoja cha kambi, pazia likitenganisha kitanda na jiko. Kiswahili alikikuta humo kambini, nacho kilikuwa cha amri: simama, toka, leta, wacha. Alikipokea kwa masikio pamoja na matusi yake, na kile cha kubembeleza hakikuwahi kumfikia. Opoka alipofariki, matanga hayajaanuliwa, afisa alikuja mlangoni kwa adabu na kusema nyumba ni ya askari, na askari hayupo. Aol alimjibu neno moja ambalo wake wa kambi walilirudia kwa miaka, lakini hapa halitaandikwa. Kisha akabeba masufuria yake, akamshika mkono mwanawe Oyet, akaenda kupanga Kawempe, chini bondeni, ambako vyumba vilikuwa rahisi kwa sababu maji yaliingia bila kubisha hodi.

Huko ndiko alikoukuta udongo, umelala bure kwa kuwa hakuna aliyeutaka. Mjini hakuna aliyenunua vyungu. Watu walikuwa na mitungi ya plastiki. Lakini kila nyumba ilipika kwa makaa, na kila sigiri iliyotengenezwa vizuri ilikuwa na kikombe cha udongo ndani ya bati, kinachoshika moto usikimbie. Aol akaanza kufinyanga vikombe hivyo. Polepole akapata kiwanja, akajenga nyumba ndogo, tanuri la matofali, na kibanda kirefu cha kuanikia.

Hasira ilimkaa kama ngozi. Malori yalikuwa yakileta murramu, kifusi chekundu cha barabara, kuufukia ujaluba wa bonde lile penye mafunjo, mzigo juu ya mzigo, ili wenye fedha wajenge maghala; na maji yaliyokuwa yakilala kule yakaanza kulala uani kwake. Aol alisimama barabarani akiwa na donge mkononi, akawangoja madereva. Alikuwa na shabaha. Waliomjua walipandisha vioo mapema.

"Mama, wale wametumwa tu," Reine alimwambia siku moja.

"Na mimi natuma tu," alisema Aol, akaokota donge lingine.

Reine alikuwa ametoka Butembo, upande wa Kongo. Baba yake alifyatua matofali kabla vita havijamla. Baba yake mdogo, Kakule, aliyekaa Nateete na kuuza vitenge Kikuubo, uchochoro wa maduka mjini Kampala, ndiye aliyempokea. Oyet alikuwa mlinzi wa ghala katika uchochoro ule ule. Walizoeana, wakapendana, na siku moja ya mvua Oyet akamleta nyumbani pamoja na begi lake, bila barua wala mshenga.

Aol alimtazama msichana kutoka nywele hadi viatu.

"Hii umeokota wapi?"

"Kikuubo, Mama."

"Na mwenyewe hajaitafuta?"

Oyet alicheka. Reine hakucheka, na miaka yote iliyofuata hakuona pa kuchekea. Mwishowe Oyet alienda nchi za Waarabu kufanya ulinzi. Mwanzoni simu zake zilikuja kila Jumapili, halafu zikaja sikukuu, halafu zikawa habari za mtu aliyemwona mtu aliyemwona. Mtoto hawakujaliwa. Akabaki mwanamke asiyelipiwa mahari, asiye na mtoto, ambaye mume hayupo, katika ua wa mama mkwe mwenye ulimi wa wembe. Watu walimwuliza anangoja nini. Alijua tu kwamba mikono yake imeuzoea udongo, na kwamba hana mlango mwingine duniani anaoweza kuusukuma bila kubisha. Hata huu hakuwa na hakika nao. Angeweza kuamka asubuhi yoyote akaambiwa toka, na asiwe na neno la kujibu.

Ndiyo maana kibanda kilimuuma. Kikombe cha sigiri kikishafinyangwa hakipelekwi motoni. Kinataka kukauka, na hakitaki kuharakishwa. Mdomo wake mwembamba hukauka kwanza na kusinyaa, kitako kinene bado kina maji na hakijasinyaa. Vikivutana, ufa unatokea. Kwa hiyo unakiweka kivulini, mbali na upepo, unafunga mdomo kwa gunia bichi, ili maji yatoke kitakoni na mdomoni kwa mwendo mmoja. Nafasi ya nyuma kabisa, penye giza na ubaridi, ilikuwa dhahabu. Zote za nyuma zilikuwa za Aol. Vikombe alivyofinyanga Reine viliwekwa mlangoni, jua na upepo vikipokezana, na vilipopasuka Aol alisema, "Mkono ya Mukongomani."

Mwaka ule mvua za masika zilikuja na ubaya. Safinah, fundi wa bati wa Kawempe aliyevaa hijabu ya njano na kucheka kwa sauti ya kiume, alikuwa ameagiza mzigo mkubwa wa vikombe. Kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Asubuhi moja Aol aliinua kikombe cha Reine kibichi, kikainama mkononi mwake taratibu kama mzee anayesinzia.

"Nani ameweka maji hapa?"

"Ni mimi, Mama. Udongo ulikuwa mgumu kukanda."

"Mgumu. Hii ni sigiri ama ni chai?"

"Baba yangu alitumia udongo kama huu huu. Unautupa ndani ya forma, unajaa kona zote. Ukiwa mgumu haujai."

"Tofali nashikwa na forma. Sigiri nashikwa na nani? Na baba yako?"

Baba yake alikuwa amelala kwenye shimo la watu wengi ambalo Reine hakuwahi kuonyeshwa. Alinawa mikono, akaingia ndani. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana. Walikula kwa zamu. Aliyehitaji kitu kwa mwenzake alimtuma Swaib.

Swaib alikuwa Muganda, dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo, aliyewaletea udongo kutoka shimoni. Kiswahili alikiokota kwa wafanyabiashara wa Kenya na Kongo, na r nyingi zilipopita kinywani mwake zilitoka zimekuwa l. Alisema *sukali*, alisema *balabala*, alisalimia kwa *habali za asubuhi*. Reine alimwita *Leine*. Na pale usipotarajia aliirudisha r, akaomba *piripiri* kwenye chakula. Hakuna aliyemcheka tena. Masikio ya Aol yalikuwa yamezoea kumtengeneza, kama mkono unavyoondoa mawe kwenye mchele huku akili iko kwingine.

Basi Reine alimwita Swaib kando, akamwambia: "Mwambie Mama nataka mahali pangu." Alimaanisha ubao mmoja wa kuanikia kule nyuma, kivulini, ambao vikombe vyake vingekaa bila kuhamishwa. Alimaanisha pia zaidi ya ubao, lakini hilo hakulisema.

Swaib alikwenda kulipeleka neno kama alivyopewa.

"Maama, Leine anasema anataka mahali yake."

Na masikio ya Aol, yaliyotengeneza *sukali* na *balabala* miaka yote, yakatengeneza na hilo. Hayakusikia mahali. Yalisikia mahari.

Reine alikuja kuyajua haya baadaye. Wakati ule alichojua ni kwamba asubuhi yake jua lilitoka kali kati ya mvua mbili, na alipotoka ndani alikuta vikombe vyake vyote vimeondolewa kibandani na kupangwa katikati ya ua, midomo juu, bila gunia wala kivuli. Safinah alikuwa amekuja kuulizia mzigo wake. Majirani walikuwa kwenye kamba za nguo. Aol alisimama katikati na mikono kiunoni.

"Mahari," alisema. "Nataka nisikie tena. Mahari."

Reine alihisi uso umewaka. Alidhani anatukanwa kwa kile alichokuwa akikiogopa miaka yote: kwamba hakulipiwa, kwamba si mke, kwamba ni kitu kilichookotwa. Na mbele za watu.

"Ndiyo, Mama," alijibu. "Sikulipiwa. Mimi ni wa bure. Ndiyo maana nafanya kazi kama punda, na punda ana banda."

"Unasikia?" Aol aliwageukia majirani. "Anakubali na mdomo yake. Nani alikuita hapa? Uliingia na miguu yako. Baba yako alikuja kuuliza? Mjomba alikuja? Hakuna mtu. Leo ndiyo unakumbuka?"

"Baba yangu angekuja na miguu gani?"

"Toka kwangu."

Kwa kuwa kila jibu liliingia vizuri katika tundu la kosa, hakuna aliyeliona kosa. Mtu akitafuta ushahidi wa uovu wa mwenzake akiwa na hasira, hata salamu inatosha.

Jua lilifanya kazi yake. Kabla ya chakula cha mchana vikombe vilianza kulia, tik, tik, sauti ndogo ya mdomo unaoachana na kitako. Reine alisimama akivisikiliza. Vilivyopona, vilivyopauka kwa nje na kuonekana vimekauka, alivibeba mwenyewe mpaka tanurini. Ndani ya tanuri mlikuwa tayari na safu za Aol, zilizokauka kwa subira nyuma ya kibanda, zikingoja moto wa kesho. Reine alipanga vyake juu ya vile. Alijua. Alikuwa ameshika kitako cha kimojawapo na kukisikia kina ubaridi, na ubaridi ni maji. Aliwasha moto hata hivyo, na hakuuanza mdogo kama inavyotakiwa. Alisukuma kuni kana kwamba anasukuma mtu.

Maji yaliyofungiwa ndani ya udongo yakishikwa na moto wa ghafla hayaulizi njia. Kilianza kimoja, kikafuata kingine, halafu vikaitana. Mlio ulikuwa mkavu na wa kupasua kama wa risasi, na bondeni pale kulikuwa na familia nyingi za askari. Watoto walikimbia. Aol, mjane wa polisi, alikuwa ameshalala kifudifudi kabla ya wote, mikono juu ya kichwa, kama alivyofundishwa kambini zamani. Aliponyanyuka alikuwa na tope kutoka paji mpaka kidevu, na hakuna jirani aliyethubutu kucheka.

Walipofungua tanuri asubuhi iliyofuata, vigae vya Reine vilikuwa vimevivunja na vya Aol.

Walichambua vigae pamoja, kwa sababu kazi haina mtu mwingine. Vilivyopasukia juani, ambavyo havikuona moto, walivitupa katika pipa la maji. Udongo mkavu uliovunjika unarudi. Unanyonya maji, unalegea, unakuwa uji, na baada ya muda unaweza kuuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Vilivyopita motoni walivimwaga njiani kujaza mashimo, kwa maana hivyo hata ukivilaza mtoni mwaka mzima havirudi kuwa udongo. Reine alikuwa akifikiri juu ya maneno ya jana, yapi yalipasukia juani na yapi yalipita motoni. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hawakusema ukishauwahi vibaya ufanye nini.

Safinah alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akitazama mzigo wake ulivyogeuka kokoto.

"Mimi naomba kueleweshwa," alisema. "Mmenivunjia kazi yangu. Mnagombania nini hasa?"

"Mahari," alisema Aol bila kuinua kichwa.

"Ya nani?"

"Yake. Ametuma mtu kuuliza."

Reine aliacha kigae kikaanguka. "Nimemtuma nani kuuliza mahari? Mimi niliomba mahali. Mahali pa kuanikia. Ubao mmoja."

Aol aliinua kichwa. Kisha akaita, kwa ile sauti ya kambi, "Swaib."

Swaib alikuwa anapakua udongo. Alikuja akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Ulisema nini kwangu, siku ile?"

"Nilisema Leine anataka mahali."

"Mahari."

"Mahali, Maama. Mahali pa kuweka vitu."

"Na ile ya kuoa, ng'ombe na mbuzi, wewe unasemaje?"

Swaib alifikiri kwa uaminifu. "Mahali," alisema.

Safinah alianza kucheka polepole, halafu akashuka kwenye ndoo, halafu akakaa chini kabisa na hijabu ikamwendea upande. Reine mwenyewe alihisi kicheko kinampanda, akakimeza. Hasira ilikuwa bado inakaa mbele yake.

Aol hakucheka. Alimsogelea Swaib.

"Kila siku mimi nakutengeneza. Unasema sukali, natengeneza. Unasema balabala, natengeneza. Leo umesema sawasawa, na hukuniambia kama leo ni sawasawa."

"Pole, Maama."

"Pole ya nini? Umesema sawa." Na hilo ndilo lililoonekana kumchukiza zaidi.

Reine alingoja neno. Alingoja siku hiyo na nyingine zilizofuata. Hakuomba magoti wala machozi. Neno moja tu, hata lililovunjika. Halikuja. Aol alikanda, alifinyanga, alivunja kuni, akatupa madonge kwenye malori. Na Reine aligundua kwamba ni afadhali kudhulumiwa kwa makusudi. Anayekudhulumu kwa makusudi unaweza kumchukia ukapumzika. Hili la kukosewa kwa bahati mbaya, na mkosaji akakaa kimya kama mwenye haki, lilimfanya asage meno mchana kweupe. Alijua pia, na hili lilimzidishia hasira, kwamba neno lile lisingemchoma mama mkwe wake hivyo kama halikukuta kidonda. Mtu ambaye hadaiwi hashtuki akisikia deni likitajwa. Aol alikuwa ameshtuka mpaka akaanika udongo mbichi juani, yeye aliyejua kuliko wote kwamba huo ni uuaji.

Jumapili moja, watu wakirudi kanisani, Aol alitokea mlangoni amevaa gauni lake la matanga.

"Vaa viatu. Tunaenda kwa watu wako."

Swaib alikuwa nje na pikipiki yake. Ndani ya sanduku la udongo mlikuwa na mbuzi jike mweusi, amefungwa kamba shingoni, ana hasira kama wote.

Reine aligeuka. Alirudi ndani, akatia nguo zake katika begi lile lile alilokuja nalo, kwa kuwa hakuwa na shaka tena. Anarudishwa. Mbuzi ni wa kufuta aibu, ili Aol asije akadaiwa zaidi. Alipotoka, Aol aliliona begi, akaliangalia kwa muda. Walipanda kwenye sanduku, mmoja upande huu wa mbuzi na mwingine upande ule, wakapita katikati ya mji hivyo, tope kavu likiwarukia nguo, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa mbuzi. Sokoni Nateete barabara ilifungwa na mikokoteni ya ndizi. Aol aliteremka, akamvuta mbuzi kwa kamba, Reine akimfuata na begi, akiwatukana wachukuzi kwa Kiswahili cha konstebo mpaka wakapisha.

Kakule alikuwa anakaa nyuma ya duka la simu. Alitoka na fulana ya ndani, akawaona, akarudi kuvaa shati. Mkewe Pélagie alileta viti. Aol hakukaa.

"Mtoto yenu ameuliza mahari yake," alisema.

Kakule alimtazama Reine, Reine akatazama chini, kisha akainua uso.

"Sikuuliza, Baba Mdogo. Ilikuwa—"

"Nyamaza. Umeuliza. Mimi nilisikia." Aol alimwekea Kakule kamba ya mbuzi mkononi. "Hii ni ya kwanza. Zingine zinakuja. Mtoto yangu hakulipa, na mimi ni mama yake. Mimi nalipa."

"Mama," alisema Kakule, kwa upole wa mtu anayeshika kamba ambayo hakuiomba, "sisi tumekimbia vita. Hatukutaka kumsumbua mtu. Na mimi si baba yake mzazi."

"Baba mdogo si baba?"

"Ni baba."

"Basi sikia, baba." Sasa ndipo ilipotoka, ile yote, na Reine alitambua kwamba hasira hiyo ilikuwa ikipanda njia nzima kama maji kwenye ua. "Mimi sikuja kuomba msamaha. Mimi nimekasirika. Mtoto yangu aliokota huyu kwenye njia kama chupa. Nilimwuliza, na mwenyewe hajaitafuta? Nikangoja. Nasema, watakuja. Leo watakuja, kesho watakuja, watanitukana, watasema wewe mwanamke, mtoto yetu iko wapi, lete ng'ombe. Mimi ningeheshimu. Hakuna mtu alikuja. Miaka yote hiyo, hakuna. Mtu akikaa bila kuulizwa, mwenye nyumba anamwona ni wa bure. Mimi nilimwona ni wa bure. Hiyo ni mimi. Lakini ninyi mlikuwa wapi?"

Kakule aliitazama kamba mkononi mwake. Pélagie alikuwa amesimama na birika mkononi, chai ikipoa.

"Ninyi mlikuwa wapi?" Aol aliuliza tena, chini zaidi, na mara hii haikujulikana anawauliza hao au ile kambi ya polisi iliyomtoa mlangoni na masufuria yake, bila ndugu yeyote wa Opoka kuja kuuliza.

Kakule alimfunga mbuzi kwenye nondo ya dirisha. Alifanya hivyo taratibu, fundo juu ya fundo, na kila mtu pale alielewa kwamba amepokea. Kisha akasema, "Tumekosa, Mama. Ilitupasa tuje."

"Ndiyo. Mngekuja." Aol alikaa hatimaye, akakubali chai, akalalamika kwamba imepoa.

Waliporudi kwenye pikipiki, Swaib alikuwa amelala kwenye sanduku. Reine alisimama na begi lake, hajui aliweke wapi. Aol alilichukua, akalitupa ndani ya sanduku bila kuangalia linaangukia wapi.

"Kule nyuma ya kibanda kuna nafasi," alisema. "Na usiweke maji mengi."

Hilo lilikuwa ndilo neno lililongojewa. Reine alilipokea na hasira yake yote ikiwa bado haijakauka, kwa maana hasira nayo hukauka kwa mwendo wake, na ukiiharakisha inapasuka. Waliendelea kugombana. Waligombana juu ya kuni, juu ya gunia, juu ya chumvi. Lakini mbuzi wengine walikwenda Nateete, mmoja baada ya mwingine, na ubao wa nyuma ulikuwa wa Reine, na mgeni alipouliza vikombe vile vilivyonyooka ni vya nani, Aol alisema kwa chuki, "Ni ya bibi ya Oyet. Uliza yeye."

Misimu michache baadaye miguu ya Aol ilianza kuvimba. Ilivimba asubuhi kama ilivyovimba jioni, na ukikibonyeza kifundo cha mguu shimo la kidole halikurudi haraka. Daktari alisema ni moyo, na maji hayana pa kwenda. Aol alimwambia kwamba hilo hata yeye analijua, wamefukia ujaluba wote. Alilazwa. Aligombana na wauguzi juu ya uji, juu ya taa, juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeimba. Reine alikuja kila mchana na chakula, kucha zake zikiwa bado na kijivu cha shimo la chini, akaketi kwenye ndoo kando ya kitanda, kwa sababu viti vilikuwa vya madaktari.

Siku ya mwisho ambayo Aol aliweza kusema, mawingu yalikuwa yamejazana juu ya Kawempe, meusi, yakija. Reine alikuwa amekaa akimtazama anavyopumua. Alidhani amelala. Aol alifungua jicho moja.

"Unanitazama nini? Mimi si sigiri, sitapasuka. Rudi kwako. Mvua inakuja, na wewe umeanika."